Kopo la virutubisho au kikapu cha sokoni: tumlinde vipi mzee asipoteze kumbukumbu?

Pesa za korosho zikianza kuingia kwenye akaunti za wakulima, wauza virutubisho nao wanafika. Newala, Tandahimba, Masasi, Mtwara mjini: meza pembeni ya stendi, spika ndogo, makopo yenye picha ya ubongo, na maneno kwamba mzee akimeza mwezi mmoja atakumbuka hata majina ya vilembwe. Mtoto aliyeko Dar naye ananunua kopo lake na kulituma kwa basi, kwa sababu anampenda mama yake na hajui afanye nini kingine. Namwandikia mtoto huyo, pamoja na dada yake anayekaa na mzee nyumbani. Pesa yao ni ileile moja, na wanapaswa kuamua waipeleke wapi.

Niseme mapema ninapoegemea. Kwa mzee ambaye akili yake bado iko sawa, pesa ya kopo iende kwenye samaki, mboga, na kupima presha. Kwa mzee ambaye tayari anapotea njia ya kurudi nyumbani, kopo lisubiri, kwanza apelekwe kupimwa. Kuna mahali pamoja tu ambapo kidonge kinakishinda chakula, na huko nitafika.

Tuelewane kwanza kuhusu ugonjwa wenyewe. Demensia ni ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu apoteze kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na uzee peke yake hauuleti. Utafiti uliofanyika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwa wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, ulikadiria kwamba asilimia 6.4 walikuwa nao. Maana yake wengi wanazeeka na akili zao timamu, na anayebadilika anastahili kuchunguzwa badala ya kuambiwa "ndiyo uzee huo" au, vibaya zaidi, kutafutiwa mchawi. Aina inayoongoza ni ugonjwa wa Alzheimer. Nyingine kubwa ni ile inayotokana na mishipa ya damu ya kichwani kuharibika, na mara nyingi hizi mbili zinamkuta mtu mmoja.

Mwaka 2024 tume ya wataalamu ya jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari na ambayo yanaweza kurekebishwa, yakibeba kwa pamoja karibu asilimia 45 ya wagonjwa duniani. Humo mna presha, sukari, lehemu (kolesteroli) mbaya, unene, sigara, pombe nyingi, kukaa bila kujishughulisha, kuumia kichwa, sonona, upweke, masikio na macho yasiyotibiwa, elimu ndogo ya utotoni, na hewa chafu. Kukosa virutubisho vya kopo hakumo.

Kapsuli ya mafuta ya samaki, au samaki mwenyewe

Hapa kwetu swali hili lina jibu rahisi kuliko kwa watu wa bara. Mafuta ya omega 3 yanayosifiwa kwenye makopo yanatoka kwa samaki, na samaki wenye mafuta hayo kwa wingi ni hawahawa tunaowakuta Feri ya Mtwara, Mikindani, Kilwa Masoko na Lindi: vibua, jodari, dagaa. Wasomi wakiwaangalia watu wanaokula samaki mara kwa mara wanaona wengi wao kumbukumbu zao zinadumu vizuri zaidi. Lakini mafuta hayo yakikamuliwa, yakatiwa kwenye kapsuli na kupewa watu, faida hiyo haionekani. Marekani walijaribu kwa wagonjwa 402 wa Alzheimer kwa miezi 18, wakachapisha matokeo 2010: ugonjwa uliendelea kwa kasi ileile. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, limesema wazi kwamba vidonge vya omega 3, vitamini B, vitamini E na mchanganyiko wa virutubisho visipendekezwe kwa lengo la kuzuia demensia. Mwongozo huohuo unakubali mlo wa mboga, matunda, jamii ya kunde, samaki na mafuta ya mimea.

Kwa nini samaki aishinde kapsuli iliyotokana naye? Samaki haingii sahanini peke yake. Anakuja na protini, vitamini B12 na madini, tena anachukua nafasi ya kitu kingine ambacho pengine kingekuwa kibaya zaidi. Dagaa anayeliwa mzima na mifupa yake anampa mzee na kalisiamu. Kapsuli inamezwa juu ya mlo uleule wa ugali na chai.

Ila tusijidanganye, si kila samaki ni sawa. Aliyezamishwa kwenye mafuta yaliyokaangiwa tangu juzi hafai kama aliyechemshwa kwa ndimu na nyanya, au aliyechomwa. Ng'onda na dagaa waliotiwa chumvi nyingi wana tatizo lao: chumvi inapandisha presha, na presha ndiyo tunayoikimbia. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote. Ng'onda ilowekwe, maji yamwagwe, na mchuzi wake usitiwe chumvi nyingine. Kwa ndugu wa Liwale na Nachingwea, ambako samaki mbichi ni wa kubahatisha, dagaa wakavu wasio na chumvi pamoja na mbaazi wanatosha. Mbaazi za kusini zinasafirishwa hadi India wakati mzee wa hapahapa analia mboga. Gunia moja libaki ndani.

Ginko, au kidonge cha presha

Ginko ni mti wa China, na majani yake ni miongoni mwa yanayouzwa sana duniani kwa jina la dawa ya kumbukumbu. Umejaribiwa kwa uangalifu kuliko karibu kirutubisho kingine chochote cha aina hii. Marekani walichukua watu 3,069 wenye miaka 75 na zaidi, nusu wakapewa ginko miligramu 120 mara mbili kwa siku, nusu wakapewa kidonge kitupu, wakafuatiliwa kwa takriban miaka sita. Matokeo ya 2008: waliopata demensia walikuwa karibu sawa pande zote mbili. Ufaransa wakarudia kwa watu 2,854, na mwaka 2012 jibu likawa lilelile.

Weka sasa pembeni yake kidonge cha presha, kile ambacho wazee wetu wanakiacha mara tu wakijisikia nafuu. Katika utafiti mwingine wa Marekani, uliohusisha watu 9,361 na kutolewa 2019, walioshushwa namba ya juu ya presha hadi chini ya 120 walipata tatizo la kupungua kwa kumbukumbu kwa asilimia 19 chini ya wale walioshushwa hadi chini ya 140. Kwa demensia kamili tofauti haikuwa kubwa kiasi cha kuthibitishwa, na hilo lazima lisemwe. Lakini presha ikidhibitiwa kuna kiharusi kinachoepukwa, na kiharusi ni mlango mkubwa wa demensia ya mishipa. Kipi basi kinastahili pesa ya basi hadi zahanati kila mwezi? Kiwango cha kuishusha, hata hivyo, apange daktari, maana mzee aliyeshushwa kupita kiasi anaweza kupata kizunguzungu na kuanguka.

Ginko ina hatari yake pia. Inaweza kuongeza uwezekano wa kutoka damu kwa anayemeza aspirini au warfarini, dawa za kuzuia damu kuganda, na wazee wengi wenye matatizo ya moyo wanameza mojawapo. Muuza kopo stendi hakuulizi mzee anameza nini.

Mafuta ya nazi, au korosho na ufuta

Mafuta ya nazi yana wapenzi wengi Pwani, mimi nikiwemo linapokuja suala la kisamvu. Dai linalozunguka kwenye simu ni kwamba vijiko viwili vitatu kila asubuhi vinaamsha ubongo uliolala. Majaribio yaliyofanywa kwa binadamu ni madogo na hayatoshi kulibeba dai hilo. Kinachojulikana ni kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mafuta hayo ni ya aina inayoganda, inayopandisha lehemu mbaya, na lehemu mbaya imo katika yale mambo 14. Tui kwenye mboga mara mojamoja halina ugomvi na mtu. Kuyanywa kama dawa ndiko ninakokupinga.

Korosho ni habari nyingine. Zaidi ya nusu ya mafuta yake ni ya aina ileile inayopatikana kwenye mafuta ya zeituni. Kuhusu njugu za miti, kama lozi, na zeituni kuna jaribio la Barcelona, Hispania, lililochapishwa 2015: watu 447 walifuatiliwa kwa takriban miaka minne, na waliopewa mlo wenye mafuta ya zeituni au njugu mchanganyiko walifanya vizuri zaidi kwenye vipimo vya akili kuliko walioshauriwa tu kupunguza mafuta. Njugu zao hazikuwa korosho, kwa hiyo sitasema korosho imethibitishwa. Nasema inafanana nazo vya kutosha, na ipo nje ya mlango wetu.

Ubaya ni jinsi tunavyoifanyia. Korosho nzima nyeupe inasafiri, na inayobaki inakaangwa kwa chumvi kwa ajili ya wageni. Kwa mzee nunua zilizovunjika, ambazo ni za bei nafuu, zisizo na chumvi. Kiganja kimoja kwa siku kinatosha, maana zina nguvu nyingi na zinanenepesha. Asiye na meno zitwangwe, ziungiwe kwenye mchicha, matembele au majani ya kunde badala ya tui. Ufuta wa Lindi ukikaangwa kidogo na kusagwa unafanya kazi hiyohiyo. Mboga ya majani ya kijani iliyoungwa kwa korosho ya kutwanga, pembeni samaki wa kuchemsha: huo ndio mlo ambao wataalamu wanauandikia vitabu huko ng'ambo kwa majina ya kwao.

Na tusikidai chakula miujiza. Jaribio la Marekani la 2023, watu 604 kwa miaka mitatu, lililinganisha mlo uliopangwa mahususi kwa ubongo na mlo wa kawaida uliopunguzwa kidogo. Pande zote mbili zilipata nafuu ndogo, bila tofauti ya maana kati yao. Finland mwaka 2015 walipata matokeo bora, kwa watu 1,260 wa miaka 60 hadi 77, lakini wao waliunganisha mlo, mazoezi, kuichangamsha akili, na kufuatilia presha na sukari, vyote kwa pamoja. Mlo ni mkono mmoja wa kazi ya mikono mingi.

Mkorosho una upande wake mwingine. Bibo bichi lina vitamini C tele, lakini likishageuzwa kuwa uraka, na uraka ukapikwa kuwa gongo, tunamharibia mzee ubongo kwa tunda lilelile. Unywaji wa kupindukia unaharibu ubongo na unamnyima mtu vitamini B1, ambayo ukosefu wake peke yake unaweza kufuta kumbukumbu. Familia inayomnunulia baba kopo la ubongo huku ikimwachia kibuyu cha gongo msimu mzima inatupa pesa yake.

Manjano, mlonge, habasoda

Hapa nitapita haraka. Vyote vitatu ni vyakula na viungo vizuri, na hakuna hata kimoja kilichoonyeshwa kwa uhakika kuzuia au kutibu demensia. Kiini cha manjano hakifyonzwi vizuri tumboni, ndiyo maana watengenezaji wanakitia pilipili manga kwenye kapsuli ili kipenye. Na baadhi ya watu waliomeza kapsuli hizo kali wameumia ini. Weka manjano kwenye mchuzi. Majani ya mlonge yapike kama mboga nyingine. Unga usio na jina la mtengenezaji wala orodha ya vilivyomo usimpe mzee, hata kama aliyekuletea ni mtu mnayeheshimiana.

Mahali kidonge kinaposhinda

Vitamini B12 inapatikana kwenye samaki, nyama, mayai na maziwa, na kwenye muhogo haimo. Mzee anayeishi kwa ugali wa muhogo na mboga za majani miaka nenda rudi anaweza kuishiwa. Umri nao unapunguza uwezo wa tumbo kuifyonza, hivyo hata anayekula samaki hayuko salama kabisa. Anayemeza metformini ya sukari kwa miaka mingi yuko katika hatari zaidi, kwa sababu dawa hiyo inapunguza ufyonzwaji wake. Dalili ni ganzi miguuni, kuyumba akitembea, ulimi kuwaka, uchovu, na kusahau. Mzee wa namna hiyo akipimwa na kukutwa na upungufu, sindano au vidonge vya B12 vinaweza kumrudisha, hasa akiwahiwa. Hapa hata kapu zima la vibua halitatosha, dawa inahitajika.

Lakini kwa mwenye B12 ya kutosha, nyingine ya nyongeza haimpi kinga. Pima kwanza, kisha nunua.

Kwa ambaye ameshaanza kupotea

Hapa ulinganisho unabadilika. Hakuna chakula wala mmea unaoiponya demensia ya Alzheimer. Anayesema kinyume anauza kitu. Zipo dawa za hospitali, kama donepezili, zinazopunguza dalili kwa baadhi ya wagonjwa kwa muda, nazo haziponyi. Vitamini E kwa kipimo kikubwa sana, uniti 2,000 kwa siku, ilijaribiwa Marekani kwa wagonjwa 613, na mwaka 2014 ikaonekana kupunguza kasi ya mtu kupoteza uwezo wa kujihudumia, bila kurudisha kumbukumbu. Kipimo hicho kina hatari ya kutoka damu, na ni daktari pekee wa kukiamua.

Pesa ya kwanza, kwa hiyo, ni ya uchunguzi. Mzee aliyebadilika ghafla, ndani ya siku moja au mbili, apelekwe hospitali siku hiyohiyo: inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, nimonia, au sukari iliyoshuka. Aliyebadilika polepole apelekwe hospitali ya Ligula, Sokoine au Ndanda, kokote kulikokaribu, akiwa na dawa zake zote mfukoni, hata zile za kununua dukani. Piritoni, ambayo wengi wanaimeza ili wapate usingizi, inaweza kumvuruga mzee akili. Akiiacha kwa ushauri wa daktari, wakati mwingine anachangamka. Tezi ya shingo, sonona, na masikio yaliyoziba nayo yanaangaliwa.

Baada ya hapo, chakula kinarudi kuwa jambo kubwa kuliko kopo lolote, kwa sababu wagonjwa hawa wanakonda. Wanasahau kwamba hawajala. Wanakaa mbele ya sahani bila kujua waanzie wapi.

Mikindani nimemwona mama mmoja akihudumiwa na bintiye kwa ustadi ambao sijauona popote. Sahani ya maua aliiondoa, kwa sababu mama alikuwa anahangaika kuyaokota maua badala ya wali. Akaweka ya bluu tupu, wali mweupe ukaonekana. Kibua alikichambua miiba kwa vidole, pande baada ya pande. Mama akasema, kama kila siku, kwamba ameshakula. Binti hakubishana naye.

"Basi nionjee tu mama, uniambie kama chumvi imekolea."

Mama akaonja, kwa sababu maisha yake yote yeye ndiye alikuwa mpishi wa shughuli za mtaa. "Imepungua," akasema, akaonja tena, na tena. Binti akala naye sahani ileile, taratibu, na mama akawa anamwiga mkono kila ulipoinuka.

Kuna mengi ya kujifunza pale. Chakula kidogo mara nyingi, badala ya kingi mara moja. Kitu kimoja mbele yake, kingine baadaye. Akae wima, asilishwe amelala. Akianza kupaliwa mara kwa mara, uji uwe mzito na vipande vilainishwe, na mhudumu wa afya aambiwe. Huyu ambaye tayari anakonda hahitaji tena kubaniwa mafuta: uji wake utiwe karanga au korosho ya kusaga na maziwa, na kama tui ndilo linalomfanya ale, apewe tui. Mlo wa kumkinga mwenye afya si lazima uwe ndio mlo wa kumlisha mgonjwa, na hili linawachanganya watu wengi wazuri.

Kama kopo limeshanunuliwa na liko mezani, usimpe leo. Litie kwenye mfuko pamoja na dawa zake nyingine, mpeleke mzee kliniki ya presha au sukari tarehe yake ikifika, na mwonyeshe daktari au mfamasia lebo yake kabla hajameza hata kimoja.